Gari la Moshi Chini ya Dari

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Miezi minne na siku kumi za eda kaziweka Mwenyezi Mungu, na Yeye ndiye mjuzi, lakini lau ningeulizwa, astaghfirullah, ningeomba nipunguziwe. Nakaa kwa kuwa nimeamrishwa, na kwa kuwa ninayemkalia anastahili. Mume wangu Mbaraka tumemzika hapa Baleni kabla ya mvua, na tangu siku hiyo dunia yangu ni chumba hiki na ua wa nyuma basi. Saada, binti wa kaka yangu, ndiye aliyekuja kukaa nami. Ananipikia, ananitekea maji, na kila alasiri anakaa mkekani na kalamu yake, mimi nasema, yeye anaandika. Mahali maneno yaliponyooka mno, ujue hapo ni yeye. Yaliyopinda ni yangu. Habari za nani kazaliwa na nani sizielezi, anayetaka nasaba akawaulize wazee msikitini. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, na nimeanza kuzisema kwa sababu ya mchwa. Wiki iliyopita Saada alikuwa anafagia utando wa buibui, akaugusa kwa fagio ule ubao wa upande wa mlangoni, ukatoa vumbi jekundu. "Shangazi," akasema, "umeliwa huu. Tuuteremshe kabla haujamwangukia mtu." Nikamwambia ausogelee kwa adabu, maana ubao ule ni mkubwa kwake kwa umri.

Ubao wenyewe umezunguka chumba chote, kuta nne, shibiri moja tu chini ya dari. Umening'inizwa kwa kamba za makumbi ya nazi zilizofungwa kwenye boriti, na juu yake una mifuo miwili iliyochongwa sambamba, inakwenda mpaka inarudi ilikoanzia. Juu ya mlango kimesimama kichwa cha gari la moshi cha bati, kirefu kama unyayo wangu, na nyuma yake mabehewa matatu. Zamani kilikuwa kijani. Kamani yake, chuma cha ndani kinachokazwa kwa ufunguo, ilikatika miaka mingi nyuma, na tangu hapo gari halikwenda tena, wala hatukuliteremsha. Wageni wakiingia humu kwa mara ya kwanza hutazama juu wakasahau kutoa salamu.

Wakati wa Mdachi, Mbaraka alikuwa mkwezi. Alikwea minazi katika shamba la mzungu mmoja huko upande wa pwani, na sisemi kwa kuwa ni wangu, lakini alikwea vizuri mtu akapenda kumtazama. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, mimi nina miaka kumi na tisa, hatujapata mtoto. Katika mwezi wa Mfungo Nane, asubuhi, mnazi umeloa mvua ya usiku, aliteleza. Walimleta juu ya ubao wa mlango, watu wanne, naye macho wazi, hasemi. Mganga wa mifupa alimfunga vijiti mgongoni akatoa amri: alale chali, bila mto, asigeuzwe ila na sisi wawili, mimi na mama yake, Bi Rukia. Tukamgeuza asubuhi na jioni, tukampaka mafuta ya nazi mgongoni asije akachubuka, tukamlisha kwa kijiko. Mgongo ulipoa. Miguu haikurudi. Miezi mitatu mtu yule hakuona kitu ila dari. Alizijua boriti moja moja. Siku moja aliniambia, "Ya saba kutoka mlangoni ina fundo kama sikio la mbuzi," na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake yote kwa siku ile. Mtu aliyekuwa akiimba juu ya mnazi mpaka watu wa shamba jingine wakamjibu.

Basi yule bibi wa Kizungu, mke wa mwenye shamba, akatuma sanduku. Lililetwa na mpishi wake, kwa heshima, limefungwa kitambaa. Mama mkwe akasema huenda ni dawa, au ni nguo. Tukafungua pale pale kitandani. Kichwa cha gari la moshi, mabehewa matatu na ufunguo mdogo. Mwanawe kakua, akasema mpishi, amerudishwa kwao kusoma, na bibi kasema mgonjwa ataburudika. Lo! Nilihisi damu imenipanda masikioni. Mtu kavunjika mgongo katika minazi yenu, mnamletea kitu cha kuchezea mtoto! Nilitaka kukitupa chooni. Bi Rukia alinishika mkono akamwambia mpishi ahsante, maana kosa si lake. Mbaraka alikigeuza geuza kile kichwa mbele ya macho yake, akakiweka kifuani, akasema, "Kiwekeni uvunguni." Kikawekwa. Na mimi kila nikifagia uvungu nakitukana.

Sasa nije kwenye lililonichoma. Ilikuwa Shaaban, siku zimebaki chache mwezi kuandama. Nilikuwa uani napepeta mchele wa kuwekea Ramadhani, na dirisha la chumba hiki, kama mnavyoliona, ni tundu tu. Nikasikia Mbaraka anasema na mama yake. Sauti yake ilikuwa tulivu, na huo utulivu ndio ulionitisha. "Mama, mtoto wa watu huyu. Ana miaka kumi na tisa. Anakaa hapa kunifuta na kunigeuza mpaka lini?" Bi Rukia akajibu, "Yeye kalalamika?" "Hajalalamika. Akilalamika ingekuwa afadhali." Kisha akasema: "Ramadhani aimalize hapa, asije akafungua kwao kwa majonzi. Mfungo Mosi ukiandama, siku ya pili ya Idi, mwite Mwalimu Athumani wa chuoni aje na karatasi. Nitampa talaka yake aolewe." Nilimngoja mama yake aseme hapana. Akasema, "Shauri lako, mwanangu. Wewe ndiye mume."

Ungo niliuweka chini. Nilimpenda, niseme nini tena? Nilimpenda alipokuwa juu ya mnazi, na nilimpenda alipokuwa chali, kwa namna nyingine, yenye hasira ndani yake. Ningeweza kuingia nikapiga kelele. Lakini Mbaraka alikuwa mtu wa kufikiri jambo mara moja tu, akishaliamua hulitii kana kwamba kaambiwa na mtu mwingine. Ukimbishia ndiyo unamkaza. Nilijua hatoniacha kwa kunichoka. Ataniacha kwa kuwa anajiona hana kazi tena duniani, amebaki kuwa mzigo, na mzigo muungwana hujitua wenyewe. Nilikuwa na mwezi mmoja na siku chache za kumpa kazi mtu asiyeweza hata kugeuza ubavu.

Akili ilinijia kwa kutazama susu. Jikoni tulikuwa na susu la kamba, limening'inia darini, ndimo tulimoweka samaki wa kukaanga panya wasiwafikie. Siku ile namlisha Mbaraka uji, nikaona macho yake hayapo kwangu, yapo juu, yanafuata mjusi aliyekuwa akitambaa kwenye boriti. Mjusi akisimama, macho yanasimama. Mjusi akienda, macho yanakwenda. Nikajisemea, kumbe huyu anataka kitu cha kutazama tu, na sisi vyote tunaviweka chini! Nikainama nikalivuta sanduku uvunguni.

Baba yangu, Fundi Kombo, alikuwa fundi wa mashua huko Ndagoni. Nikaomba ruhusa nikamsalimie kabla ya mfungo, nikafuatana na wanawake waliokuwa wakienda kuhani msiba, mwendo wa kutoka alfajiri mpaka jua la utosini. Gari lile nililifunga kwenye kanga nikalibeba mgongoni. Njia nzima wanawake wa vijiji wananiuliza, "Mwanahawa, lini umejifungua?" Nawajibu, "Bado ana siku chache, na ni wa bati." Kabla ya kuondoka nilikuwa nimepima kuta za chumba, mume wangu amelala: ukuta mrefu dhiraa nane, mfupi dhiraa saba. Nilipima kama watu wote wanavyopima, kiwiko mpaka ncha ya kidole, na kiwiko nilichokuwa nacho ni changu.

Baba nilimkuta anachonga taruma, zile mbavu za mashua, kwa tezo lake la kuchongea. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Mgonjwa hajambo?" Nikamfungulia kanga. Alilitazama gari, akalitia ufunguo, akaliachia juu ya ubao uliokuwa mbele yake, likaenda likaanguka upande wa pili. Mafundi wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamweleza ninalotaka: ubao uzunguke chumba chini ya dari, wenye mifuo ya kupitisha magurudumu, mbele ya macho ya mtu aliyelala chali. Sababu nyingine, ile ya talaka, sikumwambia, maana baba akiambiwa binti yake anaachwa angekuja kunichukua siku hiyo hiyo. Akauliza, "Na kwenye pembe litapindaje?" Nikasema sijui, wewe ndiye fundi. Akaangalia lile taruma mkononi mwake, mti uliojipinda wenyewe tangu porini, akaligeuza, akatabasamu. "Pembe ninazo nne hapa hapa." Nikamwomba aje aone chumba. Hapo akakunja uso. "Chumba cha kulala cha binti yangu na mkwe wangu? Huna haya, Mwanahawa? Nipe vipimo, inatosha." Nikampa: nane na saba.

Ramadhani ikaingia. Siku hizo za futari nazikumbuka kwa harufu yake: muhogo wa nazi, mbaazi, uji wa pilipili manga, na papa mkavu Bi Rukia anamwunguza makusudi kidogo kwa kuwa mwanawe ndivyo apendavyo. Mgonjwa hana funga, sheria imemwondolea, lakini Mbaraka alikataa kula mchana. Sikuweza kumlazimisha, kinywa alikifunga. Magharibi ikiadhiniwa namtia tende mdomoni, yeye ndiye wa kwanza, kisha mimi. Kila nikimtia tende nahesabu zimebaki ngapi mpaka Idi. Yeye naye, nadhani, alikuwa akihesabu, kwa sababu alikuwa mpole kwangu kupita kiasi. Alikuwa akinishukuru kwa kila tonge. Hakuna kinachouma kama kushukuriwa na mumeo mithili ya mpita njia.

Katika kumi la kati, asubuhi, tukasikia hodi na vishindo. Baba na mafundi wake watatu, mbao vichwani. Kazi ilikuwa nzuri, wallahi. Mbao nne nyembamba zimepigwa randa, mifuo imechongwa kwa patasi imenyooka, na kila ubao mwishoni umeunganishwa na taruma lake la kupindia pembe, kwa misumari ya mti, kama anavyounga mashua. Baba mwenyewe alibaki barazani, kaupa mlango mgongo. Mbao zikaingizwa ndani na wale wengine, tukaunyanyua wa kwanza kwenye ukuta mrefu. Haukuingia. Tukajaribu kwa chini, tukajaribu kwa kuulaza. Umezidi karibu dhiraa nzima. Tukajaribu ule mfupi, nao vile vile. Majirani walikwisha jaa uani, na mmoja akauliza kwa sauti kama Fundi Kombo ametengeneza kitanda cha tembo. Baba huko barazani akapaza sauti, "Nimekata nane! Kama alivyosema!" Nami nikapaza yangu, "Na mimi nimepima nane!" Kisha nikakaa chini nikalia, mbele ya watu, mchana wa Ramadhani. Siku zangu zilikuwa zinakwisha, na mbao haziingii.

Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Mfungo Nane. Mbaraka alikuwa anacheka. Alianza taratibu, kisha kicheko kikamshinda, akashika mbavu kwa sababu zilimuuma. "Nani kapima?" akauliza. "Mimi." "Kwa mkono gani?" "Huu." "Na nani kakata?" Hapo nikaelewa. Baba yangu ni mtu mrefu, mikono yake inafika magotini, na fundi wa mashua kipimo chake ni mkono wake mwenyewe. Watu wa Ndagoni wote wanajua. Mimi mkono wangu ni wa mtu wa kwenda kuchuma mchicha. Mbaraka akapumua, akaita kwa nguvu, "Baba! Ingia upime mwenyewe." Akaongeza, "Baba, hodi ni yako." Baba akajibu, "Haifai, mwanangu. Hicho ni chumba chenu." Mbaraka akasema, "Baba, ukikaa nje mtaikosea na mara ya pili, na mbao hizi ni nzuri mno kuharibiwa kwa haya. Ingia."

Baba akaingia. Sitaisahau sura yake. Aliingia kwa kinyumenyume, kilemba kakishusha mpaka kwenye nyusi, macho sakafuni, akaanza kupima ukuta kwa mkono wake wala kitanda hakukitazama. "Shikamoo baba," akasema Mbaraka. "Marahaba," ukutani. Alipima kuta zote nne akawa kama mwizi aliyeingia nyumba ya kadhi. Mwishowe akasema hakuna njia ila kila ubao kuukata katikati, kutoa kilichozidi, na kuuunga tena, na kiungo kitaonekana, na hajapata kutoa kazi yenye kiraka kisicho na sababu. Mbaraka akasema, "Kiraka chenye sababu hicho, baba. Sababu ni mkono wa mkeo mdogo huyu." Baba akageuka kumkemea, maana mtu hamwiti binti wa mtu mke mdogo wa baba yake mwenyewe, hata kwa mzaha. Kwa kugeuka huko akamwona mkwewe, amelala chali, kakonda, anacheka na machozi. Baba alisimama. Kisha akavua kilemba, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono. Mimi nikatoka nikawaachia chumba.

Kutoka siku hiyo kazi ilihamia kwa Mbaraka. Hakuna aliyempa, aliichukua. Baba na watu wake wakifunga kamba kwenye boriti, yeye anatazama kutoka chini. "Pembe ya mlangoni imekaa juu. Legeza. Basi. Kaza ya dirishani." Baba akaweka bakuli la maji juu ya ubao kuhakikisha, na maji yakasema Mbaraka kasema kweli. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu baba hakuleta bakuli. "Jicho lako limefundishwa na nani?" akamuuliza. "Na minazi," akajibu. "Ukiwa juu, ukikosea kuona kilicholala na kilichosimama, unateremka kabla ya wakati." Akakiona alichokisema, akacheka mwenyewe. Kamba za makumbi nazo alizijua kuliko mafundi. Aliwaambia waziloweshe na kuzivuta kwanza, la sivyo zitalegea wiki ya pili na susu lote litabenuka. Akaomba aletewe makumbi yaliyobaki, akawa anasokota kamba kifuani mwake, chali vile vile, na jioni ya futari akala muhogo wake wote akaomba na wa kwangu. Nilimpa huku nimenuna, kwa furaha.

Tatizo la mwisho lilikuwa nguvu. Ukilitia ufunguo, gari linaondoka mlangoni kwa kishindo, linapita ukuta wa kwanza na wa pili, wa tatu linachoka, wa nne linasimama juu ya kichwa cha Mbaraka mahali pekee asipoweza kuliona. Siku mbili wakajaribu mafuta ya nazi, wakajaribu nta. Siku ya tatu Mbaraka akasema, "Mmelitengenezea njia ya sawa, na mwendo wake si sawa. Kamani ikiwa mpya ina nguvu, ipandishieni kilima. Ikichoka, ipeni mteremko." Baba akamtazama kwa muda mrefu. Kwa fundi wa mashua kuambiwa apindishe makusudi kitu alichokwisha kukinyoosha si jambo dogo. Akapanda juu ya kasha, akakaza kamba hapa, akalegeza pale, unene wa kidole tu. Nikalitia ufunguo mimi. Likaondoka mlangoni, likapanda, likapinda kwenye taruma la dirishani, likapinda tena, likaanza kuchoka, na katika kule kuchoka mteremko ukalipokea, likaja taratibu, likapita juu ya kichwa chake, likarudi mlangoni, likagusa kidogo mkia wa safari yake, likasimama. Na kila lilipopita kwenye kiraka cha katikati ya ubao lilisema tak. Tak nne kwa mzunguko mmoja. Bi Rukia alipiga vigelegele, na saumu yake. Mjusi alihama chumba siku ile hajarudi.

Mimi nilipiga vigelegele nyuma yake, lakini moyoni nilikuwa na hesabu yangu. Zilikuwa zimebaki siku tatu, na Mbaraka hakuwa amesema neno lolote la kufuta lile alilomwambia mama yake. Mtu anaweza kufurahi na bado akashika ahadi yake. Nilimjua.

Idi ikaja, na siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, Mwalimu Athumani akapiga hodi, kidau cha wino kifuani, karatasi imekunjwa kwenye kofia. Nikamkaribisha, nikamletea kahawa na tambi, nikataka kutoka. Mbaraka akasema, "Usiende. Panda juu ya kasha umwonyeshe Mwalimu gari." Nikapanda, nimewapa mgongo, natia ufunguo, ukaniponyoka mara mbili. Likaenda. Mwalimu, mtu mzito yule, akafuata kwa kichwa kuta zote nne. Yeye alikuwa amelipanda la kweli huko bara. "Subhanallah," akasema, "na ile tak! La kweli nalo linasema vile vile kwenye viungo vya reli. Nani kawaambia?" "Mkono wa mke wangu," akasema Mbaraka. Kisha nikamsikia anasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, karatasi umekuja nayo?" "Ninayo." "Nipe." Sikugeuka. Niliyapanga mabehewa yaliyokuwa yamekwisha pangika. Nikasikia karatasi inakunjuliwa, kisha akasema, "Mwanahawa, nipe kisu."

Nilimpa kisu cha jikoni. Akaikata karatasi vipande vinne, virefu, kwa utulivu wote. "Gari halina vituo," akamwambia Mwalimu. "Niandikie majina. Chole, Kirongwe, Ndagoni, Baleni." Mwalimu alimtazama, akanitazama mimi, akachovya kalamu akaandika majina manne. Nilipika gundi ya unga wa muhogo nikavibandika kwa mkono wangu ukutani, kila kimoja chini ya pembe yake. Mbaraka mwenyewe alichagua kipi kiende wapi. Baleni alitaka iwe hapa, juu ya kichwa cha kitanda. Nilipokuwa napaka gundi niliona upande wa pili pana maandishi. Mimi nasoma Kurani kwa kuihifadhi, barua sijui. Nikauliza, "Huku pameandikwa nini?" Akasema, "Mambo yaliyopitwa na wakati. Bandika." Karatasi siku hizo haikuwa kitu cha kutupa, watu waliandika pande zote mbili. Nikabandika. Mwalimu akanywa kahawa yake, akavaa makubadhi, akaenda zake.

Miaka ishirini na mitatu tumeishi baada ya hapo. Mbaraka alipata kukaa kwa kuegemea, akasuka kamba na madema ya kutegea samaki, ya watu wa mbali na karibu. Mtoto hatukupata. Baba alikuja kila Idi akawa anaingia chumbani bila kilemba. Lakini niseme kweli yangu: kila Mfungo Mosi ukiandama nilitega sikio hodi ya Mwalimu, miaka yote ile. Hakuniacha siku ile, nikajiambia, kwa sababu Mwalimu alikuwa mgeni, kwa sababu ya gari, kwa sababu karatasi ilitumika kwa kazi nyingine. Labda mwaka huu. Sikumuuliza, kwa kuwa nilikuwa na kiburi, naye hakujua kwamba niliwahi kusikia dirishani. Hivyo ndivyo nilivyozeeka, mke wa mtu, ninayeingoja talaka kila Idi.

Juzi Saada alipanda juu ya kasha kuteremsha ule ubao ulioliwa. Kipande cha Ndagoni kikaanguka, gundi imekwisha, kikatua mkekani kifudifudi. Saada kasoma chuo cha Kurani mpaka akamaliza, anasoma kila hati. Akakiokota, akakisoma. Akaenda kwenye Chole akakibandua kwa ukucha, akaenda Kirongwe. "Shangazi," akasema, "ulijua hizi?" Akanisomea. Mwalimu alikuwa ameiandika huko kwake kabla ya kuja, kwa hati kubwa, mistari minne, akabakisha neno la mume na majina ya mashahidi. Chole: Mimi Mbaraka bin Haji. Kirongwe: nimemwacha. Ndagoni: kwa talaka moja. Kilichobaki ni Baleni, na hicho nilimwambia akibandue polepole. Nyuma yake pameandikwa: mke wangu Mwanahawa binti Kombo.

Nilikaa na hilo jana kutwa. Mume wangu alikuwa mtu wa kusoma, alijua kila kipande kina nini, na alimwamuru huyu huyu mke aliyeandikiwa talaka avibandike kwa mkono wake, maneno yatazame ukuta. Akachukua kitu kile akakiweka juu, shibiri moja chini ya dari, yeye mtu asiyeweza kusimama, mahali ambapo hata lingemrudia wazo la kujitua mzigo asingekifikia. Na jina langu akaliweka alipolaza kichwa. Mimi nikapoteza Idi ishirini na tatu kwa kuogopa. Nimemlilia upya, na nimemtukana kidogo pia, Mungu amrehemu, maana angeweza kuniambia.

Saada ananiuliza vipande hivi tuvichome au tuvitunze sandukuni. Vile vitatu achome, sina kazi navyo. Nimemtuma jikoni achemshe unga wa muhogo, gundi iwe nzito, akirudi anishike mkono nipande juu ya kasha. Cha Baleni nitakirudisha mwenyewe.